Nyama ya soya na kolesteroli: tumwambie nini mnunuzi?



Zamani soya tuliizungumzia kwa ajili ya mutoto mwenye kwashiorkor. Lakini tangu bamama wa koperative zetu waanze kuuza mishikaki ya soya Bukavu, anayekuja kuuliza ni baba mwenye tumbo kubwa, mwalimu ao mufanyabiashara, na karatasi ya laboratwari mkononi: kolesteroli iko juu, daktari amemukataza nyama ya mafuta. Hilo ni soko zuri. Tatizo ni kwamba mama mumoja, mwanachama mwenzetu, alitushitua hivi karibuni. "Ile dawa nilishaacha kuimeza," akasema. "Si nyinyi mulituambia soya inatoshaka kolesteroli?"

Kweli, tulisema hivyo kwenye mafunzo. Tulipita kipimo, na leo tunarekebisha.

Kolesteroli ni mafuta yanayotembea ndani ya damu. Mwili wenyewe unaitengeneza, zaidi katika ini, kwa hiyo hata mtu asiyekula nyama anayo. Inayoleta shida ni ile waganga wanaita LDL: ikizidi, inajibandika polepole ndani ya mishipa, mpaka siku moja moyo ao ubongo unakosa damu. Ini ndilo linaiondoa kwenye damu. Lakini mafuta yanayoganda, kama ya ng'ombe na ya nguruwe, yanalipunguzia ini nguvu ya kufanya kazi hiyo.

Soya haina kolesteroli hata kidogo. Katika gramu 100 za soya kavu muna proteini gramu 36 hivi, na mafuta yake mengi ni ya aina isiyoganda. Mwaka 1995, watafiti wa Marekani wakiongozwa na James Anderson walikusanya majaribio 38: watu waliokula wastani wa gramu 47 za proteini ya soya kila siku, LDL yao ilishuka karibu 13%. Habari hiyo ilitembea dunia nzima, na njo hiyo sisi pia tuliibeba. Lakini majaribio yaliyofuata yalionyesha kidogo zaidi, 3% ao 4% tu. Si bure, ila haiwezi kuchukua nafasi ya dawa. Yule mama tulimwomba arudi kwa daktari wake, na dawa ameianza tena.

Basi faida kubwa ya soya iko katika kile inachoondoa kwenye sahani. Na hapo tuko na neno na wapishi wetu! Mishikaki ya soya inaogelea katika mawese. Mawese hayana kolesteroli, ni kweli, lakini karibu nusu yake ni mafuta yanayoganda. Munayaona kwenye chupa asubuhi ya baridi. Mnunuzi amekimbia mafuta ya ng'ombe, nasi tunamurudishia yaleyale kwa mulango mwingine. Tena mafuta yananenepesha kuliko chakula kingine chochote, na yeye anatafuta kupunguza kilo.

Mutengeneze hivi: muloweke soya usiku kucha, museage, mukamue maziwa, muyachemshe vizuri, maana soya isiyoiva inazuia tumbo kusaga proteini. Mugandishe kwa ndimu, mukandamize. Kisha muchome kwenye makala na mafuta kidogo ya alizeti ao ya soya, ao mupike katika supu ya tomati na lengalenga. Chumvi iwe kidogo, sababu wengi wao wako pia na tansio. Gramu 25 za proteini zinatoka katika gramu 70 hivi za soya kavu, haifiki nusu kikombe. Siku zingine ale maharage, na sahani ya bugali aipunguze. Soya peke yake haitapunguza tumbo.

Kwenye kibao cha sokoni, musiandike "dawa ya kolesteroli." Muandike: "Nyama ya soya, haina kolesteroli, imechomwa bila mawese." Na kweli ichomwe bila mawese.