Je, Wapiga Kura Wako Tayari?

Kila uchaguzi wa Marekani unapokaribia husikika swali hili: je, nchi ile iko tayari kuongozwa na mtu mweusi, au na mwanamke? Swali lenyewe si geni. Mwaka 1937 kampuni ya Gallup iliwauliza raia kama wangemchagua mwanamke awe Rais, ikiwa anafaa kwa mambo mengine yote. (Maneno hayo "mengine yote" yafaa kutazamwa vizuri, maana yanahesabu uanamke kuwa kasoro.) Waliokubali walikuwa 33 katika kila 100. Mwaka 1958 waliulizwa juu ya mtu mweusi, wakakubali 38. Kufika mwaka 2007 waliomkubali mtu mweusi walikuwa 94, na mwanamke 88.

Lakini mtu humjibu mwulizaji, na kura huipiga peke yake. Barack Obama, ambaye baba yake alitoka Kenya, alishinda mwaka 2008 kwa kura 365 za wajumbe wachaguzi, na John McCain akapata 173. Hata hivyo, kati ya wapiga kura weupe Obama alipata kadiri ya 43 tu katika kila 100. Wako wasemao kwamba sababu ni rangi. Mimi naona tusiharakishe, kwani tangu Lyndon Johnson mwaka 1964 hapakuwa na mgombea wa chama cha Democratic aliyepata nusu ya kura za weupe, na wale wote waliomtangulia Obama walikuwa weupe.

Tukija kwa wanawake, Shirley Chisholm, mwanamke mweusi, aliomba kuteuliwa na chama hicho mwaka 1972 akakosa. Mwenyewe alieleza kwamba uanamke ulimzuia kuliko rangi. Mwaka 2016 Hillary Clinton alimzidi Donald Trump kwa karibu kura milioni 3 za wananchi, ila akashindwa kwa wajumbe, 227 kwa 304. Kamala Harris alishindwa kwa hesabu zote mbili mwaka 2024.

Liko jambo linaloniudhi zaidi. Mpiga kura husema, "Mimi niko tayari, ila jirani yangu bado," kisha humwacha anayempenda na kumpa kura yule anayedhani jirani atampenda. Jirani naye hufanya vivyo hivyo. Hasa ndani ya chama, wanachama wanapotafuta mtu wa kushinda, mgombea aweza kuangushwa na watu ambao hata mmoja wao hamchukii.

Huko Liberia wananchi walimchagua Ellen Johnson Sirleaf mwaka 2005, naye akaapishwa Januari 2006.