Saa 168 za Mgonjwa wa Kitandani: Kazi ya Uhudumu Binafsi Mwanza

Katika uchumi wa Mwanza, jiji ambalo kurasa za biashara hulitaja kwa samaki, pamba na dhahabu ya mikoa jirani, iko kazi ya ujira isiyo na soko linaloonekana wala bei iliyobandikwa, nayo ni ya mhudumu binafsi, yaani mtu anayelipwa ili amsaidie mzee au mgonjwa asiyejiweza kuoga, kula, kuvaa, kwenda msalani na kugeuka kitandani. Mahitaji yake huzaliwa pale hospitali inapomaliza sehemu yake. Hospitali ya Rufaa ya Kanda Bugando, iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa kutoka Kanda ya Ziwa nzima, humruhusu mgonjwa wa kiharusi hali yake inapotulia, lakini miezi ya kujifunza upya kukaa, kutembea na kushika kijiko hupita nyumbani, ambako hakuna muuguzi.

Kazi hiyo ina ufundi kuliko inavyodhaniwa. Mgonjwa asiyeweza kujigeuza hupaswa kugeuzwa takribani kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, ili uzito wa mwili usikandamize mahali pamoja hadi damu ikashindwa kupita na nyama ikafa, hali inayoleta vidonda vya mgandamizo, hasa mgongoni chini, nyongani na visiginoni. Aliyedhoofika koo kwa kiharusi hulishwa akiwa ameketishwa wima, kidogo kidogo, kwa kuwa chakula kikipotea njia na kuingia mapafuni huleta nimonia. Baina ya kubadilisha nepi, kukagua ngozi na kutoa dawa kwa saa zake, mhudumu huyohuyo hutarajiwa ateke maji, afue na apike kwa ajili ya nyumba nzima, maana aliitwa kutoka kijijini, mara nyingi kupitia ndugu au jirani, kama dada wa kazi.

Hapo ndipo hesabu inapogoma. Amri ya Kima cha Chini cha Mshahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mtumishi wa nyumbani anayeishi kwa mwajiri wa kawaida, na shilingi 120,000 kwa asiyeishi humo, bila kutenganisha anayefagia ua na anayemgeuza mgonjwa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inaweka ukomo wa saa 45 za kawaida kwa wiki, ilhali wiki ya mgonjwa wa kitandani ina saa 168. Uangalizi usiokatika, ukifuata sheria bila saa za ziada, unahitaji watu wanne wasiopungua, yaani shilingi 480,000 kwa mwezi hata kwa kima hicho cha chini cha mwaka 2023, kabla ya kununua nepi na glavu. Familia huajiri mmoja, na pengo lililobaki huzibwa na binti, mkwe au mjukuu ambaye muda wake hauingii katika daftari lolote. Ni vigumu kuwalaumu waajiri hao, ambao wengi wao wenyewe ni wenye kipato kidogo. Kinachostahili kuhojiwa ni ukimya wa mfumo unaomfunza ndugu aliyepo wodini siku ya kuruhusiwa, ilhali atakayemgeuza mgonjwa ni mwingine asiyefika hospitali.

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliiacha familia kuwa mhimili wa matunzo, na makazi ya serikali, kama yale ya Bukumbi wilayani Misungwi, yamelengwa kwa wazee wasio na wa kuwatunza. Mzee mwenye watoto, hata wakiwa wamechoka au wako mbali, hana mlango wa kuingilia huko.

Yumkini badiliko kubwa limeletwa na barabara. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita tatu hivi, lilifunguliwa Juni 2025 na kuwaondolea wasafiri wa Sengerema na Geita foleni ya kivuko, hivyo ndugu anaweza kuvuka, akakesha Mwanza na kurejea shambani asubuhi. Zamu ya usiku ndiyo sehemu ya kazi hii ambayo familia zingeilipia kwanza, kwa kuwa ndiyo inayomaliza nguvu za mhudumu anayelala nyumbani kwa mgonjwa, na ndiyo inayoweza kuuzwa kwa usiku mmojammoja, kwa bei ambayo pande zote mbili zinaijua kabla mlango haujafungwa.