Sinema ya Nyumbani kwa Fedha Kidogo

Mwaka 1949, katika Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, ilianza kuuzwa redio ya betri yenye umbo la sufuria kwa paundi 5. Leo jamaa za Nchelenge, ukingoni mwa Ziwa Mweru, hutamani picha pia. Jambo hilo lawezekana, mradi hesabu itangulie ununuzi.

Televisheni ndogo ya wati 30 na kikuza sauti cha wati 20 hula wati 50; kwa saa 4 za jioni ni wati-saa 200. Betri ya volti 12 na ampea-saa 50 hubeba wati-saa 600. Ikitumiwa theluthi moja tu, itadumu. Paneli ya wati 100 yatosha kuirudishia nguvu siku ya jua. Spika mbili zilizokwisha kutumika, zikitiwa katika makasha ya mbao yaliyozibwa vema na kuwekwa kimo cha masikio, hutoa sauti safi.

Lakini uvuvi hufungwa kila mwaka tangu tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari. Mvuvi akopaye Novemba atalipa deni kwa unga wa watoto. Basi betri, paneli na redio vitangulie. Televisheni ingoje nyavu zirudi majini.