Shibiri na Dhiraa: Kuchagua Maikrofoni ya Dainamiki

Jogoo wa jirani amewika katikati ya ubeti wa pili. Mwimbaji hakumsikia, fundi mitambo hakumsikia, lakini maiki ilimsikia, na sasa yumo ndani ya wimbo pamoja na bodaboda iliyopita na feni ya dari. Studio nyingi za mitaani, Dar es Salaam hata Mombasa, ni vyumba vya kulala vilivyopewa kazi ya pili, na ushauri unaotolewa humo ni uleule: "Achana na maiki ya kondensa, nunua dainamiki, haishiki makelele." Ushauri ni mzuri, ila sababu yake siyo hiyo. Asiyeijua sababu atanunua maiki inayofaa na jogoo atawika vilevile.

Tuifungue maiki yenyewe. Ndani yake kuna kiwambo chembamba, jina lilelile la ngozi iliyowambwa juu ya ngoma. Nyuma ya kiwambo imenatishwa koili ya waya, nayo imezungukwa na sumaku. Sauti ikipiga kiwambo, koili hucheza kwenye sumaku na umeme kidogo huzalika, kwa kanuni ileile ya dainamo ya baiskeli inayowasha taa. Kwa hiyo maiki hii haihitaji ule umeme wa volti 48 ambao kondensa nyingi za studio hazifanyi kazi bila huo. Inavumilia sauti kubwa, joto la pwani lenye unyevu, hata kuangushwa. Tatizo lake ni uzito: kiwambo kilichobeba koili hakiwahi mitetemo ya kasi sana. Shure wanaitaja SM57 yao kuwa inashika kuanzia hezi 40 hadi 15,000, wakati kondensa nzuri hufika 20,000.

Umeme wenyewe ni mdogo kwelikweli. Sauti ya desibeli 94 ikiingia kwenye SM58, dainamiki nyingine ya Shure, hutoka milivolti 1.85, ikiingia kwenye kondensa ya Røde NT1-A, hutoka 25. Hapa ndipo watu wanapoteleza. Wanaona maiki dhaifu, wanadhani haisikii mbali. Lakini ukipandisha geini, yaani kiwango cha kukuza umeme huo, mpaka mwimbaji asikike sawasawa, na jogoo unampandisha naye. Maiki haijui yupi amelipia studio.

Kinachowatenganisha wawili hao ni umbali. Wazee walipima kwa mkono: shibiri mbili ni dhiraa moja. Mwimbaji akisogea kutoka dhiraa hadi shibiri, sauti yake huongezeka kwa takriban desibeli 6, na jogoo anabaki palepale alipokuwa. Akisogea hadi vidole vinne, ameongeza kama desibeli 15. Ukishusha geini kwa kiasi hicho, jogoo ameshuka nayo. Fadhila ya dainamiki, basi, ni kustahimili kukaribiwa. Kondensa ukiiimbia kwa vidole vinne, itakuandikia kila mmezo wa mate; dainamiki husamehe mengi.

Jambo la pili ni mwelekeo. Dainamiki nyingi za kuimbia husikia kwa umbo la moyo: mbele zina masikio, mgongoni ni viziwi. Kwa hiyo mgongo wa maiki uelekee dirishani, na mwimbaji alitazame dirisha. Nyuma yake mwenyewe tundika blanketi zito, kwa sababu mwangwi wa ukuta huo ndio unaoingia mbele ya maiki.

Ukaribu nao una madhara yake: besi huvimba. Sauti nyembamba hunufaika, sauti nzito hugeuka uji. Hapo ndipo maiki zinapoanza kutofautiana. SM58, iliyotoka mwaka 1966, ina tufe la wavu linalouzuia mdomo usifike kabisa na kupunguza pumzi za P na B. RE20 ya Electro-Voice, ya mwaka 1968, iliundwa ili besi isivimbe hata msemaji akisogea, ndiyo maana watangazaji wa redio wanaipenda. SM7B ya Shure ina swichi ya kupunguza besi, lakini inahitaji geini ya desibeli 60 au zaidi. Ukiichomeka kwenye kifaa cha bei rahisi utapata mchirizo kama wa mafuta kikaangoni. Na anayedhani dainamiki ni ya mnyonge, akumbuke kwamba mhandisi wa sauti Bruce Swedien alitumia SM7, mtangulizi wa SM7B, kumrekodi Michael Jackson katika albamu ya Thriller.

Tuje kwenye ala. Gitaa la solo la muziki wa dansi, likipitia amplifaya, ni kazi ya SM57: vidole viwili kutoka kitambaa cha spika. Ikielekea katikati ya spika, gitaa litang'aa. Ikisogea ukingoni, litalainika. Isogeze kwanza kabla hujagusa vitufe vya mikisa. Tarumbeta na saksafoni zinaipenda MD 421 ya Sennheiser, maiki ya mwaka 1960 isiyoogopa makelele; tarumbeta ipe dhiraa nzima, pembeni kidogo ya mdomo wake. Ngoma ya mkono ina sauti mbili: kofi liko juu ya ngozi, mvumo uko kwenye tundu la chini. Ukiwa na maiki moja, amua wimbo unataka ipi.

Ziko ala ambazo dainamiki itazionea. Udi na kanuni za taarabu hutoa sauti laini, nawe utapandisha geini mpaka usikie mchirizo. Kayamba nayo inaishi kwenye masafa ya juu, kulekule ambako kiwambo kizito hakifiki. Kwa ala hizo azima kondensa, usubiri usiku jogoo alale.

Ukienda dukani, jihadhari na bandia, kwa kuwa SM58 huigizwa sana. Iweke kwenye mizani: halisi ina gramu 298. Ikipungua sana, irudishe.

Lakini kabla ya kutoa fedha, azima dainamiki yoyote nzima. Keti chumbani kwako saa ileile unayorekodi, imba ubeti mmoja kwa dhiraa, kisha uleule kwa vidole vinne, ukirekebisha geini ili sauti yako ilingane. Vaa hedifoni usikilize nafasi kati ya mstari na mstari. Kama jogoo ametoweka katika rekodi ya pili, maiki uliyoazima inatosha. Kama bado yupo, fedha ya maiki kanunulie mapazia mazito, magodoro ya ukutani, na mpira wa kuziba chini ya mlango.