Nyaya Zisizojulikana katika Land Rover ya Zamani

Leo twapenda kueleza habari za nyaya za umeme katika Land Rover zilizotengenezwa Uingereza kati ya 1958 na 1971. Mwenye gari afunguapo kifuniko cha injini, huenda akakuta ncha zinaning'inia, wala hajui zilitoka wapi. Asiziunganishe kwa kubahatisha! Waya wa kahawia hutoka kwenye betri bila kupita fyuzi. Ncha yake ikigusa chuma, huwaka na kuziunguza nyaya zote zilizofungwa pamoja nao.

Tuzitazame rangi. Waya mweupe hupata umeme ufunguo ukigeuzwa. Wa kijani vilevile, ila umepita fyuzi. Wa buluu ni wa taa kubwa, mwekundu wa taa ndogo, na mweusi huungwa na mwili wa gari. Rangi zikififia, twafungua utepe kidogo, maana ndani hazikupigwa na jua.

Lakini fundi wa njiani hutumia waya wowote aupatao. Kwa hiyo twachukua balbu ndogo yenye nyaya mbili: mmoja twaugusisha mwili wa gari, wa pili ile ncha. Balbu ikiwaka hali ufunguo umetolewa, umeme huo watoka moja kwa moja katika betri. Ncha na izibwe mara moja, kabla ya kutafuta mahali pake.