Kutengeneza Safari ya Addis Ababa

Addis Ababa ni mji mkuu wa Ethiopia, nchi ambayo wazee wa pwani waliiita Uhabeshi. Mji huu umejengwa juu ya nyanda za milima, kaskazini ya Kenya, nao una watu mamilioni, makanisa na misikiti mingi, masoko makubwa, na majumba marefu yanayozidi kila mwaka. Mtu wa Afrika Mashariki atakaye kuutembelea aweza kudhani kwamba kazi yake ni kutafuta nauli tu na kufunga mizigo. Lakini liko jambo limpasalo kulijua kabla ya hayo, nalo ni hesabu ya siku. Maana asiyeijua aweza kufika akakuta mwenyeji wake hamngojei.

Mwaka wa Ethiopia una miezi 13. Miezi 12 ina siku 30 kila mmoja, hapana zaidi wala pungufu, na siku zinazobaki hufanya mwezi wa 13, ambao una siku 5 tu, au 6 katika mwaka mrefu. Mwaka mpya wao hauanzi Januari, bali tarehe 11 Septemba, na mara moja katika miaka minne huanza tarehe 12. Tena hesabu ya miaka yenyewe iko nyuma. Wataalamu wa zamani hawakupatana juu ya mwaka aliozaliwa Yesu Kristo: wale wa Ulaya walihesabu hivi, na wale ambao Waethiopia waliwafuata walihesabu vingine. Kwa hiyo toka Septemba hata mwisho wa Desemba tofauti ni miaka 7, na toka Januari hata Septemba ni miaka 8. Ndiyo sababu watu wa Addis Ababa waliusherehekea mwaka wao wa 2000 tarehe 12 Septemba 2007, wakati ambapo mataifa mengine yalikuwa yamekwisha kuusahau.

Basi tufikiri msafiri amepata barua ya mwenyeji wake, imwambiayo aje kula sikukuu siku ya 29 ya mwezi wa 4, mwaka 2018. Asiyejua atasema, "Siku hiyo ni mwisho wa Aprili, nayo imepita zamani!" Kumbe siku hiyo ndiyo Krismasi ya Ethiopia, nayo katika kalenda itumiwayo Afrika Mashariki ilikuwa tarehe 7 Januari 2026. Yampasa msafiri kumwomba mwenyeji aandike tarehe kwa hesabu zote mbili, na akinunua tikiti ya basi huko, asiitie mfukoni kabla ya kuuliza imeandikwa kwa hesabu gani.

Kwa habari ya saa, mtu ajuaye Kiswahili ana faida kuliko mgeni wa Ulaya. Waethiopia huhesabu saa kama Waswahili: jua likiisha kuchomoza ni saa moja, adhuhuri ni saa sita, na jua likitua huanzwa tena saa moja ya usiku. Hata neno lenyewe linafanana, maana kwa Kiamhari saa ni *sa'at*, saba ni *sebat*, na kitabu ni *meshaf*, neno ambalo ni ndugu wa msahafu. Walakini hata Mswahili aweza kunaswa hapa. Tikiti za ndege huandikwa kwa saa za kimataifa. Tena watu wa hoteli, wakisema na mgeni kwa Kiingereza, mara nyingine huwa wamekwisha kuibadili saa ili kumsaidia. Akiambiwa gari litaondoka saa mbili, na aulize: asubuhi mapema au baada ya chakula cha mchana? Swali hilo moja laweza kumwokolea nauli yake.

Baada ya hayo achague majira. Mvua kubwa hunyesha toka Juni hata Septemba, na katika miezi hiyo ukungu na matope huharibu matembezi. Ikiisha mvua, mashamba na vilima hujaa maua ya manjano, na huo ndio wakati wa sikukuu ya Msalaba, iitwayo Meskel, tarehe 27 Septemba. Jioni iliyotangulia watu huja kwa maelfu katika uwanja mkubwa katikati ya mji, mapadre wamevaa mavazi ya nakshi na kushika miavuli ya rangi, na rundo kubwa la kuni huwashwa moto. Toka Oktoba hata Januari mbingu huwa safi, lakini usiku ni baridi. Mji uko juu ya bahari zaidi ya meta 2,300, yaani umeupita mji wa Nairobi kwa meta 500 na zaidi. Mtu aliyezoea joto la Mombasa au Dar es Salaam asiache sweta nyumbani, na siku ya kwanza asipande vilima kwa haraka, maana hewa ni nyepesi na pumzi zitamwishia.

Njia ni mbili. Ndege toka Nairobi huchukua saa mbili hivi. Kwa nchi kavu ni zaidi ya kilometa 1,500 kupitia mpaka wa Moyale, na barabara imetiwa lami. Lakini katika miaka hii pamekuwa na mapigano katika sehemu kadha wa kadha za Ethiopia, basi asiondoke mtu kabla ya kuuliza kama njia ni salama. Hati ya kusafiria ni lazima. Habari za ruhusa ya kuingia, na za cheti cha chanjo ya homa ya manjano, aziulize katika ubalozi wa Ethiopia, maana hazilingani kwa nchi zote.

Jina la Addis Ababa maana yake ni "ua jipya". Mfalme Menelik wa Pili alikaa kwanza juu ya mlima Entoto, penye baridi kali na kuni chache. Mkewe, Taytu, alipenda chemchemi za maji ya moto zilizo bondeni, na mwaka 1886 mji ukaanzishwa huko, naye ndiye aliyeupa jina. Kuni zikawa haba tena, hata katika miaka ya 1890 ikaletwa miti ya mkaratusi, ambayo asili yake ni Australia. Leo mgeni akipanda Entoto huiona kila upande.

Katika makumbusho ya taifa, mgeni aulize habari za Lucy, ambaye Waethiopia humwita Dinknesh, yaani "wewe ni wa ajabu". Ni mifupa ya kiumbe wa jamii ya mababu wa watu, aliyetembea kwa miguu miwili yapata miaka milioni 3.2 iliyopita, nayo ilivumbuliwa mwaka 1974 katika nchi ya Afar. Mifupa yenyewe hutunzwa kando. Kwa kawaida aonacho mgeni ni mfano wake. Tena asikose kuiona Africa Hall, yenye madirisha makubwa ya vioo vya rangi, kazi ya Afewerk Tekle. Humo, tarehe 25 Mei 1963, wakuu wa nchi huru za Afrika walianzisha Umoja wao, na Julius Nyerere wa Tanganyika alikuwa mmoja wao. Umoja wa Afrika wa sasa una makao yake katika mji huo huo, na tangu Februari 2022 Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake za kazi.

Chakula hakina taabu kwa mtu aliyezoea kula kwa mkono wa kulia katika sinia moja na wenziwe. Injera ni mkate mpana, laini, wenye uchachu kidogo, wa nafaka ndogo sana iitwayo *teff*, na mchuzi humiminwa juu yake. Ajue tu kwamba Wakristo wa kanisa la kale la nchi hiyo hufunga kila Jumatano na Ijumaa, na siku nyingi kabla ya Pasaka, wasile nyama wala mayai wala maziwa. Siku hizo atapewa dengu na mboga, tena zilizopikwa vizuri sana.

Siku ya mwisho aiachie nafasi ya kuaga. Kahawa ya Ethiopia haitengenezwi upesi: buni hukaangwa mbele ya mgeni, hutwangwa, hupikwa katika mtungi mweusi wa udongo, na ubani hufukizwa. Hunywewa mara tatu, na kuondoka baada ya kikombe cha kwanza si adabu. Cha kwanza huitwa *abol*, cha pili *tona*, na cha tatu jina lake ni *baraka*.