Chemosit ni mtaji: nchi ya chai na biashara ya majumba ya vitisho

Wengi wanaoitazama biashara ya bustani za studio za filamu huanza kwa kuhesabu mitambo: reli za kupaa angani, mabwawa, mamilioni ya dola. Kwa hesabu hiyo, mji kama Chepilat, katika nchi ya chai ya magharibi mwa Kenya, pale Sotik inapokutana na Borabu, hauna lolote la kufanya humo. Hesabu hiyo ina kasoro, kwa kuwa bidhaa inayouzwa katika bustani hizo ni hadithi, na mitambo imekuja baadaye sana. Machi 1915, Carl Laemmle alipofungua Universal City karibu na Los Angeles, wageni walilipa senti 25, chakula cha mchana kikiwemo, wakakaa kwenye majukwaa kutazama filamu zikipigwa. Filamu za sauti zilipoingia, kelele za watazamaji zikawa kero na ziara zikasitishwa, hadi zilipofufuliwa mwaka 1964. Siri ya faida ilikuwa moja: studio ilikwisha kugharamia mandhari na mavazi kwa ajili ya filamu, hivyo kila tiketi ya mgeni iliiuza kazi ile ile mara ya pili.

Sehemu inayostahili kuchunguzwa zaidi na wafanyabiashara wetu ni jumba la vitisho, lile ambalo mgeni hulipitia kwa miguu. Universal ya Orlando ilianza usiku wake wa vitisho mwaka 1991, ikiuza tiketi ya pekee baada ya saa za kawaida, kwa hiyo eneo moja likaingiza mapato mchana na usiku. Ile ya Hollywood ilifungua jumba la "The Walking Dead" Julai 2016. Ukiondoa jina la tamthilia hiyo ya televisheni, kinachobaki ni cha kawaida mno: kuta za mbao zilizopakwa rangi nyeusi, ujia mwembamba wenye kona nyingi, moshi, taa zinazowaka na kuzimika. Wageni huingizwa kikundi kimoja baada ya kingine. Nyuma ya pazia kuna mwigizaji aliyepakwa vipodozi vya maiti. Hujitokeza, hupiga ukelele, hurudi kujificha na kulisubiri kundi linalofuata, na atafanya hivyo mamia ya mara kabla zamu haijaisha. Kona ndizo zinazofanya kazi kubwa, maana mgeni asiyeona mbele hujitisha mwenyewe. Biashara hii inakula mishahara kuliko inavyokula vyuma, na inahitaji fundi seremala, fundi cherehani, msusi, mtu wa sauti na vijana wengi wenye kipaji cha kuigiza.

Nchi ya chai inahitaji ajira za namna hiyo hasa. Mashine za kuchuma majani zimepunguza mikono mashambani, na hasira iliyotokana na hilo ilionekana Mei 2023 pale mashine zilipoteketezwa Kericho. Mkulima mdogo naye anangoja bonasi ya mwisho wa mwaka bila kujua itakuwa shilingi ngapi kwa kilo. Hata mvua, ambayo hunyesha alasiri karibu kila siku katika ukanda huu na kuvunja shughuli za nje, haimdhuru mtu aliye ndani ya jumba. Na Chepilat iko kwenye barabara ya lami: mabasi ya Nairobi kwenda Kisii kupitia Narok, Bomet na Sotik hupita hapo hapo.

Hadithi ipo pia, na ni ya kutisha kweli. Katika kitabu chake cha mwaka 1909 kuhusu Wanandi, ndugu za Wakipsigis, A. C. Hollis aliandika habari za Chemosit: nusu mtu, nusu ndege, mguu mmoja, matako tisa, mdomo mwekundu unaong'aa usiku kama taa, akitembea kwa kujiegemeza kwenye fimbo mfano wa mkuki na kuwinda watoto. Mbunifu wa Hollywood angelipwa vizuri kwa kubuni kiumbe wa aina hiyo. Sisi tunaye tayari, lakini tunamweka kama tunavyoiweka chai yetu, ambayo sehemu kubwa huuzwa kwa jumla kwenye mnada wa Mombasa, ikachanganywa na kupewa jina ng'ambo. Simba wala watu wa Tsavo walioua wajenzi wa reli mwaka 1898 ndio ushahidi mchungu. Ngozi zao zilinunuliwa na jumba la makumbusho la Field, Chicago, kwa dola 5,000 katika miaka ya 1920, na filamu yao ya 1996, "The Ghost and the Darkness", ilipigwa Afrika Kusini. Morocco ilifanya kinyume. Studio za Atlas huko Ouarzazate, zilizoanzishwa mwaka 1983, hutoza wageni ili watembee katikati ya mahekalu ya plasta yaliyoachwa na filamu za kigeni, na huo ni mji wa jangwani usio na bahari wala mbuga.

Wapo watakaosema kwamba Wakenya hawatalipia hadithi. Nyumba ya mwandishi Karen Blixen inawajibu. Shamba lake la kahawa lilifilisika mwaka 1931. Nyumba ikatolewa na Denmark kwa Kenya baada ya uhuru, na ikafunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1986, mwaka mmoja baada ya filamu ya maisha yake, "Out of Africa". Kahawa ilishindwa, hadithi yake inauza tiketi hadi leo, na mabasi ya shule ni miongoni mwa wateja wake. Pingamizi la kidini ni zito zaidi, kwa sababu makanisa yana sauti kubwa Bomet na Kericho, na mzazi ana haki ya kuuliza kama mwanawe anapelekwa kwa mapepo. Lakini Chemosit ni wa hadithi za jioni ambazo kogo, yaani bibi, aliwasimulia wajukuu ili wasitangetange gizani. Jumba linalomtumia hivyo halihitaji uganga wala kafara. Jambo moja tu halina mjadala. Mpaka wa Borabu na Sotik uliona nyumba zikichomwa na watu wakiuawa katika ghasia za baada ya uchaguzi mwaka 2008, na walionusurika bado wanauza na kununua katika soko hilo. Moto, mishale na maiti za majirani visiwe mchezo wa tiketi Chepilat, hata kama vingejaza jumba.

Hakuna haja ya kuanza na mamilioni. Ghala moja, mbao, vijana wa vikundi vya maigizo ya shule na msimu wa likizo vinatosha kupima soko. Kabla ya hapo, kaunti zina kazi ambayo sheria imeshazipa: Sheria ya Ulinzi wa Maarifa ya Jadi na Maonyesho ya Kitamaduni ya 2016 inazitaka serikali za kaunti ziweke sajili ya mali hiyo, ili anayeitumia kibiashara apate idhini ya jamii na jamii ipate fungu lake. Bomet na Kericho zimwandikishe Chemosit sasa, wazee wanaomjua wakiwa hai, kabla studio ya mbali haijamtengenezea filamu.